Matone ya Macho ya Mama Katungu

Wagonjwa ambao habari zao nitawaeleza hapa wote walipona. Nimewachagua makusudi. Wako wengine ambao hawakupona, na wakati wa vita walikuwa wengi, lakini hao nawaacha wapumzike. Ninyi mnaoanza kazi ya famasi na uuguzi mtawapata wenu, hakuna haja ya kubebeshwa wangu. Leo nataka muone upande mwingine wa kazi yetu: ile siku unarudi nyumbani, unavua viatu mlangoni, unaketi jikoni karibu na moto na kucheka peke yako, watoto wanakutazama, nawe huna cha kuwaeleza zaidi ya kwamba mama fulani bado yuko hai.

Jina langu ni Masika. Niligawa dawa kwanza Butembo, baadaye Beni, mpaka magoti yakakataa kusimama siku nzima. Mtanicheka, lakini kuna aina moja ya dawa niliyoipenda kuliko zote: zile za tension, yaani shinikizo la damu, ambazo majina yao yanaishia na "olol". Propranolol, aténolol na ndugu zao. Kazi yao ni rahisi kueleza. Mwili una sauti inayouambia moyo ukimbie, mtu akiogopa, akikasirika au akifukuzwa. Dawa hizi huziba masikio ya moyo kidogo, usiisikie sana ile sauti. Moyo unatembea badala ya kukimbia, na tension inashuka. Katika miaka ile, waasi walipogawanyika na kila kipande cha barabara kikawa na kizuizi cha askari wake, mioyo inayokimbia haikukosekana kwetu.

Aliyenifundisha kuzijua ni Papa Kakule, mzee aliyeshika famasi ya kituo cha afya pale Butembo tangu nilipokuwa mtoto. Alivaa koti la sufu asubuhi zote kwa sababu ya baridi ya kule juu, na alisalimu makopo ya dawa kabla ya kusalimu watu. Aliniambia siku ya kwanza: "Masika, jina ya dawa iko na kichwa na mukia. Kichwa, kila fabrique, kila kiwanda, inaweka yake. Mukia njo inakuonyesha jamaa. Ushikake mukia." Basi alikuwa akifunika jina kwa kidole gumba, akaacha herufi za mwisho tu, na kuniuliza hii ni ya jamaa gani. Nilizoea mchezo huo hata kanisani nikawa nafunika vichwa vya majina ya watu katika kitabu cha nyimbo, na mume wangu akanifinya niache.

Siku moja aliingia mfanyabiashara wa maharagwe, mtu mnene, mcheshi, anajulikana soko zima. Hakuwa amefika hata mezani Papa Kakule akasema, "Wewe, ni nani alikupatia dawa ya tension?" Yule mtu akashangaa. Alikuwa amepewa vidonge na jirani yake, kwa upendo tu, maana jirani vilimfaa. Papa Kakule alikuwa amesikia kifua chake kutoka mlangoni, kinapiga filimbi, na akatambua pakiti ya jamaa ya olol mkononi mwake. Yule mtu alikuwa na pumu tangu utoto, na dawa za jamaa ya olol, zikiziba masikio ya moyo, hubana pia njia za hewa kwa mwenye pumu. Tulimnyang'anya vidonge papo hapo, tukampa dawa ya kufungua kifua, tukamkalisha hadi filimbi ikaisha. Alipoweza kusema sentensi nzima bila kukatika, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba bei ya maharagwe ya Lubero imepanda. Tukajua amepona.

Mwingine alikuwa katekista. Alikunywa propranolol yake vizuri, hakosi hata mara moja, lakini tension ilikataa kushuka. Nikamwuliza, "Unakunywaka dawa ingine?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama. Naapa."

Nikamtazama anavyoinuka kwenye kiti, anashika meza. "Na magoti? Unayafanyiaka nini?"

"Ah, ile? Ile haiko dawa. Ile ni ya magoti." Akatoa mfukoni indométacine alizonunua kwenye kibanda cha njiani, anameza kila siku kabla ya kulala. Sasa, dawa za maumivu za jamaa hiyo huzuia maji na chumvi visitoke mwilini, na hivyo hupunguza nguvu ya dawa ya tension. Huku anashusha, huku anapandisha. Tulimbadilishia dawa ya magoti, na wiki chache baadaye tension ikatulia bila kuongeza hata nusu kidonge.

Tangu katekista yule, niliacha kuuliza watu kama wanakunywa dawa ingine. Neno dawa kwa mgonjwa ni dogo kuliko kwetu. Uliza magoti. Uliza tumbo. Uliza anapopata malaria anachomwa nini. Mwenye sukari mweleze kwamba kidonge chake cha tension kitamfichia kutetemeka na kudunda kwa moyo, zile ishara za sukari kushuka sana. Atabaki na jasho tu, basi ajifunze kulisikiliza jasho. Na barabara ikifungwa, dawa zikakaribia kuisha, msiseme tutakunywa mpaka ya mwisho halafu Mungu atajua. Dawa hizi haziachwi ghafla. Masikio ya moyo yaliyozibwa yakifunguliwa kwa mara moja, ile sauti inaingia kama ngoma, na moyo unaweza kuumia. Tulikuwa tunawaita wagonjwa mapema, tunapunguza pole pole, tukingojea gari lipite.

Lakini mgonjwa niliyekusudia kuwaeleza hasa ni Mama Katungu wa Beni.

Nilihamia Beni vita vikiwa vimeshika, kwa sababu mume wangu alipata shule ya kufundisha kule. Nilipata kazi katika hospitali ndogo iliyobaki na daktari mmoja tu, Dokta Mbusa, kijana mwenye mikono mirefu na usingizi wa kudumu machoni. Wenzake walikuwa wamekimbia. Yeye alisema hajui kukimbia, alishindwa mbio hata shuleni.

Mama Katungu alikuwa mjane, mwimbaji wa kanisa la Kiprotestanti, mama mwenye sauti iliyosikika kabla yake. Dokta Mbusa alimwandikia propranolol, mimi nikampa, akaizoea vizuri. Alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Paluku, alikuwa na duka la vitambaa. Mdogo alikuwa amekwenda Manguredjipa kutafuta dhahabu, na tangu barabara ya kule ifungwe, habari zake zilikatika. Alimwacha mke wake, Kavira, nyumbani kwa mama. Kavira alikuwa binti wa kijiji cha Mutwanga, kwa wazazi wanaolima kahawa na mapapai chini ya mlima. Alikuwa mkimya. Katika nyumba yenye huzuni, mtu mkimya huanza kutazamwa vibaya. Watu wa mtaa walisema tangu aingie, mume amepotea na mama mkwe ameanza kuugua.

Na kweli mama alikuwa ameanza kuugua. Wiki zile alichoka ovyo, akaacha kuimba, akawa anashika ukuta akisimama. Kisha asubuhi moja, wakati watu wanakwenda sokoni, nikasikia kelele barabarani. Walimleta kwa kipoyi, ile machela ya miti. Paluku alikuwa mbele. Nyuma yao kulikuwa na kundi la vijana wa mtaa, na katikati ya vijana alikuwa Kavira, kitambaa cha kichwa kimetoka, kiatu kimoja hakipo, wanawake wawili wamemshika mikono.

Paluku hakupandisha sauti. Alisema, "Dokta, mama balimupa karuho. Na mwenye alimupa, tuko naye hapa."

Karuho ni sumu ambayo kwetu watu wanaamini hufichwa chini ya ukucha na kudondoshwa katika kinywaji cha mtu. Miaka ile, aliyesemwa ana karuho hakupelekwa kwa hakimu, kwa sababu hakimu alikuwa amevuka mpaka zamani. Mawe yalikuwa karibu zaidi. Niliona vijana wawili tayari wanayo mikononi, wanayachezea kama watu wasio na haraka.

Dokta Mbusa akasema, "Tuone mama kwanza. Hapana guse ule muke mupaka nitoke."

"Na mama akikufa?" kijana mmoja akauliza.

"Hajakufa," dokta akasema, akaingia.

Mimi nilimshika Kavira mkono, nikawaambia wale wanawake kwamba dokta atamhitaji kwa maswali, nikamwingiza famasi. Chumba changu kilikuwa na mlango wa chuma na nondo dirishani kwa ajili ya wezi. Nikamkalisha kwenye benchi nyuma ya makopo, nikafunga kwa ufunguo, nikaenda kwa mgonjwa.

Mama Katungu alikuwa baridi kama maji ya mtoni. Tension ilikuwa imeshuka mno. Nilishika mkono wake na kungoja mapigo, na kati ya pigo na pigo nilipata nafasi ya kuogopa. Moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo, anasimama, anafikiri, anapiga hatua nyingine. Dokta alimwinua miguu, akaniagiza atropine, ile sindano ya kuuamsha moyo uliolala. Tulikuwa na ampuli chache tu. Akamchoma. Moyo ukaamka, tukavuta pumzi, na mama akafumbua macho kidogo. Halafu, tukiwa bado pale, mapigo yakaanza tena kurudi nyuma.

Dokta akamwita Paluku. "Mama anakunywaka dawa gani?"

"Ile yako tu." Paluku akatoa pakiti ya propranolol. Tukaiangalia. Vidonge vilivyopaswa kubaki vilikuwa vimebaki. Hakuna aliyempa mama vidonge vingi kwa mara moja.

"Ingine?"

"Hapana."

"Ya magoti? Ya tumbo?" nikauliza mimi, kwa mafunzo ya katekista. "Alichomwa kinini ya malaria juzi?"

"Hapana, Mama Masika. Mama yetu hapendi dawa. Ile moja Kavira njo anamupatiaka, asubui na mangaribi." Akaongeza, "Kila kitu ni Kavira. Hata kule Uganda ni yeye alimupeleka, ile wiki barabara ya mpaka ilifunguka. Tangu barudi, mama anazidi kuisha. Sasa munambie mimi nifikiri nini."

Sikumchukia Paluku. Alikuwa na mdogo aliyepotea na mama anayekwisha mbele yake, na mtu akiwa hivyo anatafuta sura ya kuwekea lawama. Lakini dirishani niliona wale vijana wameongezeka, na wengine walikuwa wameketi chini. Watu wanaoketi wamekusudia kukaa.

Paluku alipotoka, Dokta Mbusa alinieleza anachofikiri. Kidonge kile kwa kipimo kile hakiwezi peke yake kufanya hivi kwa mama aliyekizoea. Pengine ni moyo wenyewe umeharibika, waya zake za ndani zimekatika, na kama ni hivyo hapa Beni hatuna la kufanya. Alisema hivyo polepole, huku amemshika mama mkono. Nikajua anafikiri pia habari ya mtu wa pili aliye chumbani kwangu, kwamba tukimpoteza mmoja tumepoteza wawili.

Nilirudi famasi kuchukua atropine zilizobaki. Kavira alikuwa ameketi palepale nilipomwacha. Hakuwa analia. Aliinuka kwa heshima, akaniambia kwa sauti ndogo:

"Mama Masika, samahani. Saa ya dawa yake ya macho inapita. Balisema hapana kukosesha. Naweza kuenda kumuwekea, ao utamuwekea wewe?"

"Dawa ya macho gani, mwanangu?"

Akafungua fundo la pembe ya kitenge chake. Mlemle katikati ya kusukumwa na kuvutwa, alikuwa ameshika fundo lile lisifunguke. Akanipa kichupa kidogo cha plastiki. "Ya ule ugonjwa wa macho unamalizaka macho polepole. Ni kwa ile tulienda Uganda. Niko namuwekea asubui na mangaribi, na leo asubui aliikosa moja ju alianguka mbele sijaweka jicho ya pili."

Nikakisogeza kichupa dirishani kwenye mwanga. Kidole changu, kwa mazoea tu, kilifunika mwanzo wa jina. Nikaona mwisho wake. Timolol.

Niliacha mlango wazi nikakimbia, kisha nikakumbuka vijana, nikarudi kuufunga, nikakimbia tena. Dokta alisoma kichupa mara moja, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Ni jamaa moja," nikasema. "Lakini dokta, ni tone tu. Ni ya macho. Inaweza kufika mupaka kwa moyo?"

"Inafika," akasema. "Jicho iko na kanjia kadogo, pale kwa pembe, inashuka kwa pua. Tone inapita pale, inaingia kwa damu moja kwa moja. Haipiti hata kwa tumbo na maini kwenye ingepunguzwa nguvu. Kwa mutu mwenye hakunywi kitu ingine, sawa. Kwa mutu mwenye anakunywa tayari propranolol, ni kama umemupa kipimo ingine juu ya ingine." Akatazama tena kichupa, na nikaona uso wake unabadilika, unakuwa wa umri wake. "Donc, basi, moyo yake haijaharibika. Imenyamazishwa tu. Itarudi."

Nadhani ndiyo sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia kazini. Itarudi. Tungeendelea kumshika na atropine kila mara mapigo yakishuka, tusimpe kidonge, tusimwekee tone, na kungoja dawa ya mwilini iishe yenyewe.

Tukamwuliza Kavira maneno machache pale famasi, tukaelewa yaliyobaki. Mama alikuwa akifumba jicho kwa woga, nusu ya tone inamwagika shavuni, basi Kavira kwa uaminifu alikuwa anaongeza tone lingine, na lingine, asije akafikiriwa mvivu. "Nilifanya mubaya?" akauliza. Dokta akamwambia hapana, ulifanya vile kila mutu angefanya.

Sasa palikuwa na jambo gumu zaidi ya moyo. Ilibidi kutoka nje na kueleza. Na ukweli ulikuwa hivi: kilichomwangusha mama kilipita kweli mikononi mwa Kavira. Mimi nilitaka tungoje. Niliona tukisema nusu tu, watasikia nusu ile wanayoitaka. Dokta alisema tukingoja watavunja mlango. Akatoka na kichupa mkononi, mimi nyuma yake.

Alieleza kama nilivyowaeleza ninyi, jamaa moja, masikio ya moyo, njia ya puani. Walisikiliza. Walikuwa watu wazuri, wazazi wa wengi wao nawajua kwa majina. Alipomaliza, Paluku akauliza lile nililoliogopa.

"Donc ni yeye aliweka."

Vijana walioketi wakasimama.

"Miye njo niliandika kidonge," Dokta Mbusa akasema. "Mwenzangu wa macho aliandika tone. Hakuna mwenye alijua ya mwenzake. Huyu muke alitutii bote wawili, kila siku, bila kukosa. Kama iko mutu wa kupiga hapa, muanze na mimi. Lakini muningoje nimalize na mama, ju hakuna mwingine wa kumutunza."

Hakusema kwa ushujaa. Alisema kama mtu aliyechoka anayepanga foleni. Nafikiri ndiyo maana walimsikia. Paluku alisimama pale, akitazama kile kichupa kidogo, halafu akaomba kuingia kwa mama yake.

Nilimpa kiti kando ya kitanda, nikamfundisha kushika mkono wa mama na kuhesabu mapigo, apate kazi ya kufanya. Tulichoma atropine tena. Jua lilipanda. Mapigo yalishuka, tukachoma, yakapanda, na kila mara yalichelewa zaidi kushuka. Paluku alikuwa ananiambia, "Yako mbio kidogo, Mama Masika," kama anauliza, nami namwambia ndiyo, yako mbio kidogo. Mikono ya mama ikaanza kuwa na joto, kwanza viganja, halafu vidole.

Karibu na mchana Mama Katungu akafumbua macho yote mawili, akatazama dari, akamtazama mwanawe.

"Kavira iko wapi?"

Paluku akainamisha kichwa. "Iko hapa, mama."

"Muniitie yeye. Jicho ingine hakuniwekea. Wewe hapana jaribu, mikono yako inatetemekaka."

Mikono yake kweli ilikuwa inatetemeka. Dokta Mbusa akageukia ukuta, na mabega yake yakacheka. Mimi nilikwenda kufungua famasi.

Nilimpeleka Kavira mpaka kitandani. Mama akamshika kwenye kiwiko, akamwuliza kwa nini hana kitambaa kichwani. Kavira akasema kilianguka njiani. Ni hivyo tu alisema, wakati ule na baadaye. Mama alipoulizwa kwa nini hakumwambia yule daktari wa macho kwamba anakunywa dawa ya tension, alishangaa swali lenyewe. "Kule baliniuliza habari ya macho," akasema. "Nikajibu ya macho." Wahudumu wa kule walisema naye kwa lugha yetu hasa, inayosemwa pande zote mbili za mpaka, hata udhuru wa lugha hatukuwa nao.

Paluku alitoka nje. Sikusikia alichowaambia vijana. Niliona tu kupitia nondo kwamba waliondoka wawili wawili, na mmoja aliacha mawe yake chini ya ukuta, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Mama tulimlaza wiki nzima, kwa sababu kidonge chake kilikuwa kimekatwa ghafla na tuliogopa ile ngoma niliyowaeleza. Haikuja. Dokta alimhamishia dawa ya tension ya jamaa nyingine, na kwa macho akampatia matone mengine, maana hatukutaka kuuokoa moyo na kuyapoteza macho. Kavira naye dokta alimfundisha mwenyewe: tone moja tu, kisha fumba jicho, kisha bonyeza kidole kwenye pembe karibu na pua kwa muda wa kusema sala fupi, ili lisipite kule chini. Nimewafundisha wagonjwa wangu hivyo tangu siku ile, na ninyi mfundishe hivyo. Mume wa Kavira alirudi kutoka Manguredjipa barabara ilipofunguka, mwembamba, bila dhahabu yoyote, na Mama Katungu akaimba tena. Sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo. Watu walisema imekuwa nzuri zaidi.

Lakini mimi nikikumbuka siku ile sikumbuki sana dawa. Nakumbuka mchana wake. Mama alipolala usingizi wa kweli, Kavira aliniomba ruhusa arudi kukaa pale famasi kidogo. Nikamwambia mlango sasa uko wazi, anaweza kwenda popote. Akasema anajua. Akaenda akajilaza kwenye lile benchi nyuma ya makopo, akakunja miguu, akalala papo hapo, kama taa iliyozimwa. Wagonjwa walikuja kuchukua dawa, niliwahudumia kwa kunong'ona, nao wakanong'ona, bila kujua sababu.

Baadaye Paluku akaja, ameshika kikombe cha chai ya maziwa na mkate umefungwa kwenye karatasi, na kwapani kiatu kimoja cha mwanamke. Alisimama mlangoni. Nikadhani ataniachia nimpe, nikanyoosha mkono. Akatikisa kichwa. Akaweka kiatu chini karibu na benchi, taratibu, kisha akasogeza kasanduku katupu, akakaa na kikombe mikononi, akingoja shemeji yake aamke.

Kavira alilala muda mrefu. Mvuke wa chai ukaisha. Paluku akakigusa kikombe kwa nje, akainuka bila kelele, akaenda kutafuta chai nyingine ya moto.